Kipper, kafara na upatanisho: lile neno la Walawi lina maana gani hasa?

Neno kafara limechafuka sana kwenye Kiswahili cha mtaani. Ukisema fulani katoa kafara watu wanawaza moja kwa moja mganga, utajiri wa ghafla na mtoto aliyekufa kifo kisichoeleweka. Halafu kuna mbuzi wa kafara, huyo tunamtumia kwenye siasa na mpira, timu ikifungwa mechi tatu mfululizo kocha anafukuzwa tunasema kafanywa mbuzi wa kafara. Waislamu ndo wamebaki nalo kwa heshima yake, mtu akivunja kiapo anatoa kafara, analisha maskini 10 au anawavisha au anamwacha huru mtumwa, na akikosa uwezo anafunga siku 3, iko wazi kwenye sura ya Al-Maida aya ya 89. Wakristo wengi wanalikwepa kabisa, linanukia uganga.

Sasa cha kushangaza ni kwamba neno la Kiebrania lililobeba fundisho zima la msalaba, lile ambalo kwenye Biblia zetu linasomeka upatanisho, ni ndugu wa tumbo moja na hili kafara. Kiarabu ni kaffara, Kiebrania ni kippur, kitenzi chake kipper. Konsonanti ni zile zile tatu, K, P na R, Kiarabu hakina P kwa hiyo inageuka F. Ile Yom Kippur unayoisikia kwenye habari, ile ambayo mwaka 1973 Misri na Syria ziliivamia Israel siku hiyo hiyo watu wakiwa wamefunga, ndo neno hilo hilo.

Nimeamua kuliandikia kwa sababu kuna hoja moja inajirudia mno kwenye semina za neno, klipu za WhatsApp na vipindi vya redio vya usiku. Mtumishi anasimama anasema, wapendwa, kwa Kiebrania upatanisho ni kaphar, maana yake kufunika, kwa hiyo agano la kale dhambi zilikuwa zinafunikwa tu, zipo chini ya blanketi, mpaka Yesu alipokuja kuziondoa. Watu wanaitikia amina. Na ule mwisho wa hoja, kwamba Yesu anaondoa dhambi, hakuna Mkristo mwenye ugomvi nao. Shida ni njia aliyopitia kufika pale, ina mashimo mengi.

Hiyo kufunika imetoka wapi? Kwa sehemu kubwa imetoka kwenye kamusi ya Strong, ile ya namba, ambayo siku hizi iko kwenye kila programu ya Biblia ya simu. Namba 3722, kaphar, ambayo ndo mzizi wa kipper, maana ya kwanza iliyoandikwa pale ni kufunika, hasa kwa lami. Strong alitoa kazi yake mwaka 1890 na hakulitunga hilo kichwani, alikuwa na ushahidi: Mwanzo 6:14, Nuhu anaambiwa aipake safina lami ndani na nje, na kitenzi cha kupaka pale ni hizo hizo K-P-R na lami yenyewe inaitwa kofer. Kiarabu nacho kina kafara kwa maana ya kufunika, ndo maana mkulima anayefukia mbegu aliitwa hivo na ndo maana kafiri ni mtu aliyeufunika ukweli. Kwa hiyo maana ya kufunika ipo, hakuna anayebisha.

Ila neno halibebi maana ya babu yake kila linapokwenda. Hizo K-P-R kwenye Biblia ya Kiebrania zinatoa pia kofer ya hina, ile ya kupaka mikononi, Wimbo Ulio Bora 1:14 kichala cha hina, na hakuna mtu anayehubiri kwamba Siku ya Upatanisho ni siku ya kupaka hina. Unatakiwa uangalie neno linafanya kazi gani kwenye sentensi ambazo limetumika kweli, na kipper limetumika kama mara 100 hivi, karibu nusu yake kitabu cha Walawi, kwa hiyo mifano ya kuchungulia haikosekani.

Kaa na Walawi 16 yenyewe. Mstari wa 13 kuhani mkuu anaingia patakatifu pa patakatifu na chetezo cha makaa, anatupia uvumba, moshi unatanda na kukifunika kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano, ili asife. Hapo mwandishi alitaka kusema kufunika, na hakutumia K-P-R, ametumia kitenzi kingine kabisa, kissah, ambacho ndicho cha kawaida cha kufunika kwa Kiebrania, wakati sura nzima imejaa kipper juu na chini. Zaburi 32 nayo, heri aliyefunikwa dhambi zake, ni kissah, haina uhusiano na kipper. Halafu nenda Yeremia 18:23, nabii kakasirika na maadui zake anamwomba Mungu asiwafanyie kipper uovu wao, na mstari huo huo anarudia kwa maneno mengine, wala usiifute dhambi yao. Washairi wa Kiebrania wana tabia hiyo ya kusema kitu mara mbili kwa maneno yanayokaribiana, na jirani aliyechaguliwa kukaa na kipper hapa ni kufuta. Na Walawi 16:30 inaeleza siku yote ile ni ya nini: kipper itafanywa kwa ajili yenu ili kuwatakasa. Kutakasa, kusafisha.

Kuna na ushahidi wa nje ya Biblia. Lugha ya Akkadi, ya Babeli na Ashuru, ina kitenzi kuppuru na maana yake ni kupangusa, kufuta kitu kikatoka. Kwenye sikukuu yao ya mwaka mpya, Akitu, siku ya 5, kulikuwa na ibada ya kusafisha hekalu: kondoo anachinjwa, mtaalamu wa kufukuza mapepo anachukua mzoga anaupangusia kuta za chumba cha mungu Nabu, halafu mzoga unaenda kutupwa mtoni pamoja na uchafu wote ulioufyonza. Kitenzi cha ile kazi ya kupangusa ni kuppuru. Sisemi Musa alinakili Babeli, tofauti ni nyingi na kwa Waisraeli hakuna kufukuza mapepo pale, ila inaonesha neno hili kwenye ukoo wake lilikuwa linaeleweka vipi likiingia mahali pa ibada.

Sasa turudi kwenye Kiswahili chetu maana na sisi tuna mtego wetu. Biblia ya Muungano ya 1952 imetafsiri kipper kuwa kufanya upatanisho, na upatanisho kwetu ni wa watu wawili waliogombana, unawaita, unawakalisha, wanapatana. Sasa soma Walawi 14 mwishoni. Nyumba imeota madoa ya kijani au mekundu ukutani, pigo la ukoma linaitwa, kuhani anakuja anakagua, mawe yanang'olewa, plasta inakwanguliwa inatupwa nje ya mji, nyumba inapakwa upya, na pigo likipona kuhani anachukua ndege wawili na mti wa mwerezi na sufu nyekundu na hisopo, na mwisho mstari wa 53 unasema ataifanyia nyumba upatanisho. Nyumba! Imegombana na nani? Walawi 16:18 madhabahu inafanyiwa upatanisho. Walawi 12 mama aliyejifungua, siku 40 kama ni mtoto wa kiume na 80 kama ni wa kike, anafanyiwa upatanisho na hakuna mahali panaposema alitenda dhambi kwa kuzaa, inasemwa tu atakuwa safi na kijito cha damu yake. Na hii ndo sadaka Mariamu aliyokwenda kuitoa Yerusalemu, ile ya Luka 2:24, ndege wawili, yaani sadaka ya mtu asiye na uwezo wa mwanakondoo.

Ukiweka kutakasa au kupangusa sehemu ya upatanisho kwenye mistari hiyo mitatu yote inakaa sawa. Nyumba inasafishwa, madhabahu inasafishwa, mama anasafishwa. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akifika hapo aelewe kwamba upatanisho ni jina la matokeo, watafsiri wameruka moja kwa moja kwenye kinachopatikana baada ya kazi kufanyika, na kazi yenyewe imebaki haijatajwa.

Mtu aliyelichimba hili kuliko wengi ni Jacob Milgrom, rabi na profesa wa Berkeley kule California, aliyefariki 2010. Yeye alishangazwa na kitu kidogo ambacho ukishakiona hukisahau: kwenye sadaka ya dhambi ya Walawi 4 damu haipakwi mtu aliyetenda dhambi. Hata tone. Inapakwa pembe za madhabahu, inanyunyizwa mbele ya pazia. Kama damu ndo sabuni na sabuni inapakwa madhabahu, basi kilichochafuka ni madhabahu. Ni kama moshi wa jiko la kuni, anayepika yuko chini amekaa kwenye kigoda chake na masizi yanajikusanya darini. Israeli wanakosea kule kambini na uchafu unaenda kukaa kwenye hema ya Mungu.

Na ukifuatilia damu inapelekwa wapi unapata ramani nzima. Mtu wa kawaida au mkuu wa kabila akikosea bila kukusudia, damu inaishia kwenye madhabahu ya nje uani. Kuhani aliyetiwa mafuta au taifa zima likikosea, damu inaingizwa ndani, inanyunyizwa mara 7 mbele ya pazia na kupakwa madhabahu ya uvumba. Na kuna dhambi za makusudi, za kiburi, za mtu aliyejua na akafanya, hizo wakati zinatendeka hakuna sadaka ya kila siku iliyowekwa kwa ajili yake, zinapenya mpaka ndani kabisa, zinakaa pale kwenye sanduku la agano mwaka mzima. Hapo ndo unaelewa kwa nini ilihitajika siku moja ya mwaka, tarehe 10 ya mwezi wa 7, mtu mmoja kuingia mpaka kule mwisho. Walawi 16:16 inasema hivo hivo, atafanya kipper kwa ajili ya mahali patakatifu, kwa sababu ya uchafu wa wana wa Israeli na makosa yao, naam dhambi zao zote.

Hofu iliyo nyuma ya hii yote ni kwamba Mungu mtakatifu hawezi kuendelea kukaa kwenye nyumba inayojaa masizi, iko siku atahama, na Ezekieli baadaye aliona kwenye maono utukufu ukiondoka hekaluni kweli, sura ya 10 na 11.

Siyo wasomi wote wanamfuata Milgrom mpaka mwisho. Roy Gane, ambaye ni Msabato, amejibu kwamba hata kama damu haimgusi mwenye dhambi bado Kiebrania kinasema anafanyiwa kipper kutoka kwenye dhambi yake, yaani inatolewa kwake, naye anasafishwa siyo jengo tu. Mimi naona Gane ana hoja, Walawi 12:7 haiongelei jengo hata kidogo, mama ndiye anayekuwa safi. Na kwa ujumla Wasabato hii topiki wameikalia sana kuliko madhehebu mengine, nenda Kisii, Mara au Upareni ukamuulize mzee wa kanisa habari za patakatifu atakuchorea hema nzima kwa kijiti chini, sababu fundisho lao la Oktoba 22, 1844, siku wanayoamini Yesu alianza kazi ya patakatifu pa patakatifu mbinguni, limejengwa juu ya wazo kwamba Siku ya Upatanisho ina mwenzake mbinguni. Ukubaliane nao au usikubaliane, Walawi wanaisoma.

Twende kwenye mbuzi maana hapa pana raha yake. Kuhani mkuu anavua yale mavazi ya dhahabu na vito, anavaa kitani tupu kama mtumishi. Anachinja ng'ombe kwa ajili yake na nyumba yake kwanza, hana usafi wa kwake mwenyewe. Halafu mbuzi wawili wanasimamishwa mlangoni pa hema, kura inapigwa, mmoja wa BWANA, mmoja wa Azazeli. Wa BWANA anachinjwa na damu yake inaingia ndani, inanyunyizwa juu ya kiti cha rehema na mbele yake mara 7. Baada ya usafi kukamilika, siyo kabla, kuhani anamwekea yule wa pili mikono yote miwili kichwani, anaungama maovu yote ya taifa, na mbuzi anapelekwa nyikani akiwa hai, anaachiwa huko.

Kwa hiyo huyu wetu wa mtaani, mbuzi wa kafara, tumemchanganya kidogo, maana tunavyomtaja inakuwa kama ndiye aliyechinjwa wakati mbeba lawama wa Walawi aliondoka mzima. Baadaye enzi za hekalu la pili desturi ilibadilika, Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inaeleza mbuzi alivyokuwa anafungwa uzi wa sufu nyekundu, nusu kwenye mwamba nusu kati ya pembe, halafu anasukumwa kinyumenyume anaporomoka gengeni, nadhani waliogopa asije akarudi mjini na mzigo wake. Azazeli ni nani, hapo watu wanagombana tangu zamani, wengine pepo wa nyikani, wengine jina la mahali, na tafsiri za kale za Kigiriki na Kilatini zililichukua kama maelezo ya mbuzi mwenyewe, yule wa kuondolewa. Vyovyote vile mwelekeo wa safari ni mmoja: nje. Mbuzi wa kwanza anasafisha nyumba, wa pili anaondoka na takataka. Ile hoja ya blanketi hapa ndo inapofia, kwa sababu ukifunika kitu bado kiko hapo hapo sebuleni.

Haya, lakini nisije nikaonekana nimebadilisha kufunika kwa kupangusa na kazi imeisha. Kuna maana ya pili nzito inayotembea na K-P-R nayo ni fidia. Nomino kofer. Kutoka 21, ng'ombe wako mkorofi, ulionywa, hukumfunga, kaua mtu, sheria inasema na wewe ufe, ila ikikubalika utalipa kofer, fidia ya uhai wako. Kutoka 30, watu wakihesabiwa kila mmoja atoe nusu shekeli kuwa kofer ya nafsi yake, tajiri asizidishe na maskini asipunguze. Na kuna mahali inakataliwa, Hesabu 35:31, muuaji wa kukusudia hapokelewi kofer hata aje na mali kiasi gani, kitu ambacho kwa nchi nyingi za jirani zamani zile kilikuwa kinazungumzika. Walawi 17:11 inaunganisha hizi mbili, uhai wa mwili umo katika damu, nami nimewapa hiyo damu juu ya madhabahu ifanye kipper kwa ajili ya nafsi zenu. Uhai unasimama mahali pa uhai.

Ule mstari watu wanaukariri kwa sababu ya damu, wanapita haraka kwenye neno nimewapa. Anayeongea pale ni Mungu. Yeye ndiye anayetoa damu, mwanadamu anapewa.

Nalisisitiza hilo kwa sababu kofer ina upande wake wa giza, Amosi 5:12 neno hilo hilo maana yake ni rushwa, waamuzi wanaopokea kofer na kumpindishia maskini haki yake mlangoni. Na kuna Yakobo anayemwogopa Esau, Mwanzo 32, anatanguliza mifugo zaidi ya 500 kundi kwa kundi, anajisemea nitaufanyia kipper uso wake kwa zawadi inayonitangulia, labda atanikubali. Huyo anatuliza hasira ya mtu. Mithali 16:14 nayo, hasira ya mfalme, mwenye hekima ataifanyia kipper. Sasa swali linalowagawa Wakristo mpaka leo: sadaka inamtuliza Mungu aliyekasirika au inasafisha dhambi? Karne iliyopita msomi wa Agano Jipya C. H. Dodd wa Uingereza alisimama upande wa kusafisha, msomi mwenzake Leon Morris wa Australia akamjibu kwamba huwezi kuifuta ghadhabu ya Mungu kwenye Biblia kwa kuchagua tafsiri laini, na ugomvi huo haujaisha, ukiona Biblia mbili za Kiingereza zinatofautiana kwenye Warumi 3:25 ndo moshi wa vita ile.

Mimi nikisoma Kiebrania naona kitu kimoja cha kisarufi ambacho kinapunguza joto. Uso wa Esau unafanyiwa kipper, hasira ya mfalme inafanyiwa kipper, madhabahu, nyumba, dhambi, vyote vinafanyiwa. Mungu hafanyiwi, hakuna sentensi hata moja kwenye Agano la Kale ambapo mtu anamfanyia Mungu kipper, yaani yeye awe yambwa, mtendwa wa kitenzi. Mara kadhaa Mungu ndiye mtendaji, kama Zaburi 78:38, yeye kwa rehema aliufanyia kipper uovu wasiangamizwe, na mstari huo huo unasema alizuia hasira yake mara nyingi. Kwa hiyo ghadhabu ipo, Morris yuko sahihi, ila hakuna anayeingia na bahasha kumlainisha. Mwenye hasira ndiye aliyeandaa njia ya hasira kuondoka.

Hapo sasa Agano Jipya linaanza kuonekana vizuri. Kile kifuniko cha dhahabu cha sanduku la agano, dhiraa mbili na nusu kwa moja na nusu, makerubi wawili juu, kwa Kiebrania kinaitwa kapporet, K-P-R tena. Sisi tunasema kiti cha rehema, kufuata Waingereza na Wajerumani, ingawa jina lenyewe halina kiti ndani yake, ni kama kusema mahali pa kufanyia kipper. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki, karne ya 3 kabla ya Kristo, wakaliita hilasterion. Waebrania 9:5 inataja vyombo vya hema na hapo Biblia yetu inasema kiti cha rehema, ni hilasterion. Sasa fungua Warumi 3:25, Kristo ambaye Mungu amemweka awe upatanisho kwa njia ya imani katika damu yake. Hiyo upatanisho ni hilasterion ile ile! Mara mbili tu limetokea Agano Jipya zima na Kiswahili kimeyapa majina mawili, kwa hiyo msomaji wetu hawezi kujua. Myahudi wa Roma aliyesikia barua ikisomwa angeona picha moja kwa moja, kile kifuniko kilichokuwa nyuma ya pazia, ambacho mtu mmoja alikikaribia mara moja kwa mwaka tena ndani ya moshi, Paulo anasema Mungu amekiweka hadharani, na ni mtu, na damu ni ya kwake mwenyewe.

Kuna na mkanganyiko mwingine wa hapa kwetu. Warumi 5:11 tumeupokea upatanisho, na 2 Wakorintho 5 huduma ya upatanisho, hilo kwa Kigiriki ni katallage, neno tofauti kabisa, la uhusiano, la mke na mume waliotengana wakarudiana, Paulo analitumia hivo hivo 1 Wakorintho 7:11. Hilo ndo upatanisho kwa Kiswahili halisi. Kwa hiyo neno letu moja linabeba mizigo miwili, kusafisha uchafu na kurudisha uhusiano, la kwanza linazaa la pili lakini ni mambo mawili. Na fidia ya wengi kwenye Marko 10:45 ni lutron, ambayo wale watafsiri wa Torati ya Kigiriki waliitumia kutafsiri kofer. Ukivikusanya vyote unaona waandishi wa Agano Jipya waliligawa neno kipper vipande na kila kipande wakakipeleka msalabani.

Na lile wazo la blanketi basi, kwamba sadaka za kale hazikutosha, si lipo Waebrania 10:4, haiwezekani damu ya mafahali na mbuzi kuondoa dhambi? Lipo, na Mkristo ana haki ya kulihubiri. Ila alihubiri kutoka pale lilipo. Mwandishi wa Waebrania hajengi hoja yake kwenye mzizi wa neno, anajenga kwenye kurudiarudia, kwamba kama kazi ingekuwa imekamilika wangeacha kutoa kila mwaka, na kwenye kuhani anayekufa na kurithiwa. Hasemi sadaka zilifunika, anasema ziliusafisha mwili na hazikufika dhamiri, 9:13 na 14. Hata uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ule wa Balokole, wimbo wao mkubwa wa Kiganda unaomtukuza Yesu unasema damu yake imeniosha. Imeniosha. Wale wazee wengi wao hawakusoma Kiebrania na neno walilipatia.

Swali la mwisho huwa linakuja: pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo, sawa, ni damu tu basi? Soma tena Waebrania 9:22 taratibu, inaanza na karibu vitu vyote. Karibu. Mwandishi alikuwa anaijua Torati yake. Walawi 5:11, mtu hana kondoo, hana hata uwezo wa njiwa wawili, alete unga, sehemu ya kumi ya efa, lita mbili hivi, bila mafuta bila ubani, kuhani anachota konzi moja anaichoma madhabahuni, na inasemwa amefanyiwa kipper naye atasamehewa. Unga! Hesabu 16 Haruni anakimbia na chetezo cha uvumba katikati ya wafu na walio hai, tauni inakoma, ni kipper. Isaya 6 kaa la moto linagusa midomo, ni kipper. Damu ndiyo njia kuu, hilo Walawi 17:11 halikwepeki, ila hesabu ya Mungu ilimwachia fukara mlango.

Hekalu lilipobomolewa na Warumi mwaka 70 Wayahudi walibaki bila madhabahu, na inasimuliwa kwamba rabi Yohanan ben Zakkai alimtuliza mwenzake aliyekuwa analia kwa kumwambia tunayo kipper nyingine iliyo sawa na ile, matendo ya fadhili, akamsomea Hosea 6:6. Mpaka leo wanafunga kama saa 25 siku hiyo, na baadhi yao siku chache kabla wanazungusha kuku juu ya kichwa mara tatu halafu anachinjwa na kupewa maskini, desturi inaitwa kaparot, na usinicheke ukiona inafanana na kitu ulichowahi kukiona mahali, hata marabi kadhaa wakubwa waliipinga kwa sababu hiyo hiyo.

Kitu ambacho Mishna na Yesu wanakubaliana bila shida ni utaratibu. Mishna, sehemu ya Yoma, inasema makosa kati ya mtu na Mungu Siku ya Kippur inayasafisha, kati ya mtu na mwenzake haisafishi mpaka amwendee mwenzake. Mathayo 5:24, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, enenda kwanza. Na utaratibu huo ulikuwepo tayari Walawi 6, ambayo wahubiri wa blanketi sijawasikia wakiigusa: uliyemdhulumu jirani yako, uliyeokota kitu cha mtu ukakana, rudisha kitu chenyewe, ongeza na sehemu ya tano juu yake, asilimia 20, umpe mwenyewe siku ile ile unayoleta sadaka yako ya hatia. Kondoo dume anatajwa mstari unaofuata, na kipper mstari wa baada ya huo.